Mikanda ya usalama ya MGB ya 1966: ipi ni ya asili, na utepe unaweza kushonwa upya hapa Lubumbashi?

Mwana_Kamalondo

Jambo wakubwa wote. Naomba mwanga juu ya mikanda ya MGB isiyo na paa, lile gari dogo la michezo la Kiingereza. Namba ya chasisi inaanza na GHN3, karatasi zinasema 1966, usukani uko kuume. Ni moja ya yale magari yaliyovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka upande wa Zambia. Kazi ya bati inakaribia kwisha, rangi bado, kwa hiyo huu ndio wakati wa kugusa mikanda kabla ya zulia na viti kurudi.

Mikanda miwili haifanani. Wa dereva ni wa kijivu, umeandikwa Kangol, na kifungio chake cha chuma kinanasa msumari kama sumaku. Wa abiria ni mweusi, una kitambaa kidogo kilichoshonwa chenye Britax na BS 3254, tarehe imefutika. Yote miwili ni ya kurefusha na kufupisha kwa mkono, haina rola ya kujikunja.

Ipi ni ya asili? Utepe wa kijivu umekakamaa, tena una doa la njano pale ulipokuwa unalala nyuma ya kiti: kuosha kutatosha? Fundi mmoja wa viatu pale soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, ana mashine nzito ya ngozi. Anasema anaweza kung'oa utepe wa zamani na kushona utepe wa Toyota kwenye vyuma hivi hivi. Na bolti ya kizingiti (boriti ya bati chini ya mlango) upande wa abiria imegoma kabisa, kichwa kimeanza kuviringika. Nini kifanyike kwanza?

Katuba_Garaji

Jambo ndugu. Nianze na utambulisho, maana huo una majibu ya wazi.

Herufi za chasisi: G ni MG, H ni kundi la injini za cc 1400 hadi 1999, N ni bodi ya viti viwili isiyo na paa (D ingekuwa GT, ile yenye paa gumu), na 3 ni mfululizo wa kwanza, wa 1962 hadi 1967. Kama ingefuata L, gari lingekuwa limejengwa kwa usukani wa kushoto. Yako inalingana na karatasi zake.

Sasa mikanda. Uingereza ilidai sehemu za kufungia mikanda ya viti vya mbele kwa magari mapya kuanzia 1965, na mikanda yenyewe kuanzia 1967. Gari la 1966 limekaa katikati: matundu ya bolti yapo, lakini mkanda mara nyingi ulikuwa kitu cha kuchagua, na muuzaji ndiye aliyeufunga. Kwa hiyo usitafute kampuni moja "ya kiwanda". Kangol (ndio hao hao wa kofia za bereti), Britax, na Irvin waliotoka kwenye kazi ya miamvuli ya ndege, wote walikuwa wakiuza mikanda ya namna hii wakati ule. Sumaku ndiyo alama ya kifungio cha Kangol Magnet: kazi yake ni kuvuta ulimi (kile chuma kinachoingia kwenye kifungio) ukae mahali pake, lakini mzigo unabebwa na chuma. BS 3254 ni kiwango cha Uingereza cha mikanda, cha 1960, na kando yake mara nyingi huwa na alama ya taasisi ya viwango ya Uingereza, umbo linalokaribia moyo. Ukikuta E ndani ya duara na namba pembeni, huo ni mkanda wa kuanzia miaka ya 1970, hata kama muuzaji anauita wa zamani. Rola ya kujikunja nayo ilienea miaka hiyo hiyo ya 1970. Usiruhusu mtu akuuzie rola kama kitu cha asili cha 1966.

Mikanda yako yote miwili basi inaweza kuwa ya wakati wake. Kisicho cha kawaida ni kuwa na aina mbili ndani ya gari moja, kwa sababu iliuzwa kwa jozi. Kujua ipi ilitangulia, soma gari lenyewe. Ng'oa mkanda wa dereva na uangalie rangi chini ya kibati chake. Kama rangi ya kwanza ya kiwandani ipo pale safi, bila rangi ya pili juu yake, mkanda huo ulikaa hapo kabla gari halijapakwa tena. Kama rangi ya pili imepita chini ya kibati, mkanda uliletwa baadaye. Fanya hivyo pande zote mbili kabla ya kupiga msasa, maana ukishasafisha bati ushahidi umekwisha. Piga picha za kila kibati, kila washa ya bolti, na upande ambao bolti ilitokea.

Kuhusu utepe namwachia yaya (mkubwa wetu) Mshona_Hema, yeye ndiye mwenye kazi hiyo.

Mshona_Hema

Aksanti papa Katuba. Ndugu Mwana Kamalondo, jibu langu kwa fundi wa viatu ni hapana, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu mashine yake inaweza kweli kushona kitu kinachoonekana kizuri.

Utepe wa mkanda wa gari si kitambaa kinene tu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 16 inataka usikatike chini ya dekanyutoni 1,470, yaani karibu uzito wa tani moja na nusu ukining'inia juu yake, na chini ya mzigo wa dekanyutoni 980 upana wake usishuke chini ya milimita 46. Mahali unapozunguka chuma na kurudi, nguvu yote hiyo inapita kwenye mshono peke yake. Kiwandani mshono huo unafanywa na mashine ya programu, kwa mchoro maalumu, kwa uzi wa poliesta au nailoni uliopimwa, na sampuli zinavutwa mpaka zikatike. Sindano ya ngozi ina ncha ya kukata, kama kisu kidogo. Kwenye ngozi hiyo ni sawa, lakini kwenye utepe inakata nyuzi zinazobeba mzigo kila inapozama. Ukipanga mishono mistari mitatu ya kukata upana wa utepe, umetoboa mstari wa kuchania. Hutauona mpaka siku ya ajali. Na ule utepe wa Toyota ya kubomolewa huna namna ya kujua kama ulishawahi kubeba mtu kwenye mgongano.

Sasa doa la njano. Kwenye MGB ya wakati huo kuna betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, chini ya bati la sakafu, na mkanda usiofungwa unalala juu yake. Mvuke na matone ya asidi hupanda pale. Mikanda mingi ya miaka ile ni ya nailoni, na asidi ya betri inakula nailoni: utepe unakuwa mkavu, unabadilika rangi, halafu nyuzi zinavunjika kama majani makavu. Poliesta inastahimili asidi zaidi, ila haipendi magadi makali wala chokaa. Jua nalo linamaliza nailoni haraka kuliko poliesta, na sisi hapa tuko juu, kama mita 1,200, na miezi ya kiangazi kuanzia Mei mpaka Septemba haina wingu. Gari lisilo na paa linapata jua hilo lote.

Ukitaka kujua una nini, fanya hivi. Yeyusha chumvi kwenye lita moja ya maji mpaka izidi na kubaki chini. Gramu 360 hivi zinatosha. Chomoa nyuzi chache kutoka ncha ya utepe iliyolegea, zile zinazoning'inia baada ya kirekebishio, usiguse sehemu inayobeba. Zilowanishe kwanza kwa maji yenye tone la sabuni, zifinye ili mapovu ya hewa yatoke, kisha ziweke ndani ya maji ya chumvi. Nailoni inaelea, poliesta inazama. Kwenye maji matupu zote mbili zinazama, kwa hiyo chumvi isipungue.

Kisha kagua utepe wote kwenye mwanga wa mchana, pande mbili. Linganisha rangi na kipande kilichofichwa ndani ya kirekebishio, hapo ndipo rangi ya kweli ilipo. Kunja utepe kwa ncha za vidole na uangalie kingo: manyoya manyoya ni nyuzi zilizokatika. Tafuta sehemu inayong'aa kama imepigwa pasi, hasa mahali ulimi ulipokaa. Hiyo ni alama ya joto la msuguano, maana yake mkanda ulibeba mzigo mkubwa. Utepe uliopinda kama wimbi baada ya kunyooshwa mezani nao umevutika. Kimoja tu kati ya hivi kinatosha kuukataa.

Kuosha ni kwa ajili ya vumbi letu jekundu, ambalo linaingia kati ya nyuzi na kuzisaga. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi ya manyoya laini, suuza mpaka maji yatoke meupe, kausha kivulini. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, usiiguse kabisa. Petroli na tina hapana. Kupaka rangi upya hapana pia: maji ya moto na dawa za rangi ya nguo vinaudhoofisha utepe, na vinaficha ishara zote nilizotaja hapo juu. Kuosha hakurudishi nguvu iliyopotea.

Mwana_Kamalondo

Aksanti sana yaya. Nimefanya kipimo cha chumvi: nyuzi za kijivu zimeelea, za mweusi zimezama. Na ule wa kijivu, nikikunja pale penye doa, unatoa sauti ya kukwaruza.

Mshona_Hema

Basi wa kijivu umekwisha, ndugu yangu. Usimfungie mtu yeyote, hata kwa mwendo wa kutoka hapo mpaka hoteli ya Karavia. Mweusi ni poliesta na huenda unaonekana vizuri zaidi, lakini kwa umri huo na historia isiyojulikana, mimi nisingemfungia mtoto wangu.

Kinachookolewa ni vyuma: vifungio, ndimi, virekebishio, vibati. Ng'ambo kuna karakana zinazopokea vyuma vya zamani na kuvishonea utepe mpya wenye vipimo vya kiwango, kwa rangi ya zamani. Kama unataka kijivu kile kile, huko ndiko pa kwenda. Kabla ya kutuma, pima kila kipande kikiwa kimelala bila kuvutwa: kutoka katikati ya tundu la bolti la nyuma mpaka ulimi, kutoka ulimi mpaka tundu la kizingiti, na kipande kifupi cha kifungio. Andika milimita, tuma na picha, na tuma pia sentimita 10 za utepe kutoka sehemu iliyofichwa ili waone rangi na ufumaji. Lebo iliyoshonwa iachishe kwa wembe, nyuzi za lebo peke yake, uitunze. Usiwaombe waishone kwenye utepe mpya, kwa sababu itakuwa inadanganya juu ya umri na kiwango chake. Iweke na karatasi za gari.

Kolwezi_Mchomeleaji

Mimi niseme juu ya bolti na bati, kwa sababu mkanda mpya kwenye kizingiti kilichooza hauna maana.

Hesi ya bolti za mikanda kwenye gari hili ni 7/16 UNF (hesi ya inchi yenye meno madogo), meno 20 kwa inchi. Kipenyo chake ni milimita 11.1 na kichwa ni 5/8 ya inchi. Spana ya milimita 16 ndiyo inayokaribia, 17 ndiyo iliyokuviringishia kichwa. Kosa baya ninaloliona kwenye magaraji ni kulazimisha bolti ya milimita 12 kwa kukata hesi upya. Nati iliyochomelewa ndani ya kizingiti inabaki na ukuta mwembamba, na uchomeleaji wake wa zamani unapasuka bila mtu kuona. Bolti ya milimita 10 nayo inaingia, inakaza kidogo, halafu inateleza. Jambo zuri ni kwamba hesi hii ya inchi ilibaki kuwa ya kawaida kwa mikanda ya magari mengi sana, hata ya Kijapani, kwa hiyo bolti nzuri yenye mkanda kutoka Toyota mara nyingi inaingia. Ila ijaribu kwa vidole: lazima izunguke mizunguko mitano mizima bila spana. Ikigoma kwenye wa pili, hesi si moja au kuna uchafu.

Kwa bolti yako iliyogoma: kwanza toa nyaya za betri zote mbili. Kumbuka kwamba kwenye mfululizo huu wa kwanza chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, si hasi, usichanganye wakati wa kurudisha. Safisha kuzunguka kichwa kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kupenyeza jioni na asubuhi kwa siku mbili tatu, na kila mara piga kichwa nyundo ndogo za wima. Mshtuko ndio unaovunja kutu, mafuta yanafuata njia. Kisha spana ya mviringo yenye pembe sita, siyo ya kumi na mbili. Geuza kidogo kukaza kabla ya kufungua, halafu nenda mbele na nyuma robo robo. Ikikataa, chomelea nati juu ya kichwa kilichoviringika na ufungue ikiwa bado ya moto. Joto hilo linatosha mara nyingi. Usitumie mtungi wa gesi pale: chini ya kizingiti kuna lami na rangi, na mkanda ukiwa karibu umekwisha. Bolti iliyopashwa moto hairudi kwenye gari.

Ikitoka, pitisha tapu ya 7/16 UNF kwa mkono, na mafuta, kusafisha tu. Kama hesi ya nati imechanika, usiweke chemchemi ya kurekebishia hesi. Kata dirisha dogo, chomelea bamba jipya lenye nati. Kipimo kizuri cha kufuata ni kile cha FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, kwa sehemu za kufungia mikanda ya mashindano: bamba la chuma lisilopungua sentimita za mraba 40 na unene wa milimita 3. Mraba wa milimita 65 kwa 65 unafika. Pembe zake zizungushe, pembe kali zinachana bati likivutwa. Bamba likae upande ambao mvuto utalibana kwenye bati, siyo upande ambao utalibandua.

Na usiangalie tundu tu. Ukaguzi wa magari kule Uingereza unataka bati lisiwe na kutu ya kudhoofisha ndani ya sentimita 30 kuzunguka kila sehemu ya kufungia mkanda. Mimi nafuata hiyo hiyo. Kwenye MGB maana yake ni kizingiti karibu chote, sehemu ya tuta la giaboksi, na madigadi ya nyuma kwa ndani. Gonga kwa bisibisi. Ikiingia, unakata. Bati likiwa limejazwa putii juu ya kutu, toa yote kabla ya kuzungumza habari ya mkanda.

Ruashi_Chrome

Naafikiana na wote, ila naongeza juu ya vyuma, maana hapo ndipo watu wanaharibu kwa nia njema.

Usipeleke bolti wala sehemu za ndani za kifungio kwenye kromu. Bolti ya chuma kigumu na springi zikiingia kwenye asidi ya kusafishia na umeme wa kupakia kromu, hidrojeni inaingia ndani ya chuma na kukifanya kiwe kama kioo. Inaweza kukatika siku kadhaa baada ya kukazwa, bila onyo. Viwanda vinaoka vyuma hivyo saa nyingi kwenye joto la nyuzi 200 hivi mara tu baada ya kupakia, na hilo hutalipata kwa mtu wa pembeni. Nunua bolti mpya. Kromu ya nje ya kifungio isugue kwa karatasi ya alumini iliyolowa maji, vijitone vya kutu vinatoka, kisha nta.

Ndani ya kifungio: maji ya uvuguvugu na sabuni, tikisa, suuza, puliza kwa hewa kutoka ndani kwenda nje ili vumbi lisisukumwe kwenye springi. Kwenye kile cha sumaku utakuta unga mweusi umeng'ang'ania, hizo ni chembe za chuma. Zitoe kwa kubonyeza donge la mkanda wa gundi, kitambaa kinazisambaza tu. Hakuna mafuta wala grisi, vumbi la hapa litageuka udongo wa kusagia. Grafaiti kavu kidogo inatosha. Kifungio kilichopigiwa ribiti usikitoboe kukifungua. Kisha funga na fungua mara hamsini, kila mara ukivuta kwa nguvu kwa mkono. Kikiachia hata mara moja, kinakwenda kwenye kabati la maonyesho.

Pale tu nitofautiane na yaya: utepe wa zamani usitupwe. Kwenye maonyesho, gari likiwa limesimama, unaweza kuwekwa. Barabarani unavaa mpya.

Mshona_Hema

Kwenye gari lililosimama sina neno, papa, mradi haubaki umefungwa kwenye bolti. Mtu wa familia atachukua funguo siku moja, ataketi na kuufunga akidhani ni mzima.

Mwana_Kamalondo

Nimewasikia wote. Nitanunua jozi mpya ya kurekebisha kwa mkono, na vyuma vya Kangol nitavituma baadaye. Nisome nini kwenye lebo ya mpya, na washa zinapangwaje? Za zamani zilikuwa zimechanganyika.

Katuba_Garaji

Kwenye lebo tafuta E ndani ya duara na namba ya nchi (E1 Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza). A ni mkanda wa pointi tatu, B ni wa kiunoni tu. Ukiona r na 4, huo una rola ya kujifunga wakati wa dharura. Rola si mbaya, lakini inadai pembe sahihi: kwa kanuni ile ile ya 16, kihisi chake kisifunge kikiinamishwa mpaka nyuzi 12 kutoka pale kilipokusudiwa, na lazima kifunge kikipita nyuzi 27. Ukiweka rola kwenye madigadi ya MGB kwa pembe ya kubahatisha, ama itagoma kutoa utepe ama itachelewa. Kwa gari hili wa mkono ndio sahihi kihistoria na rahisi kufunga vizuri.

Kipande kirefu kinashikwa madigadi ya nyuma na kizingiti. Kifupi chenye kifungio kinashikwa kwenye tuta la giaboksi. Kila mahali tumia bolti yenye bega. Mpango ni huu, kutoka kichwani: bolti, kibati cha mkanda kikiwa juu ya bega, washa ya wimbi, pete ya kuacha nafasi, halafu bati la gari. Bega ndilo linaloacha kibati kizunguke baada ya bolti kukazwa. Ukiweka bolti ya kawaida kibati kinabanwa, hakifuati mvuto, na utepe unabebwa na ukingo mmoja mpaka unachanika. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, nyutoni mita 40 hivi, isipokuwa karatasi ya mkanda imetoa namba yake. Ukimaliza, sukuma kila kibati kwa kidole: kizunguke, lakini kisigonge.

Sehemu ya juu kwenye gari hili iko chini ya bega la mtu, kwa hiyo mkanda unavuta bega kwenda chini kidogo. Usiiongezee shida kwa kuihamishia sakafuni, hata kama inapisha paa la turubai. Keti kwenye kiti chenyewe kilichokwisha kufungwa, utepe wa chini upite juu ya mifupa ya nyonga na siyo tumboni, kifungio kikae pembeni ya nyonga, na kati ya kifua na utepe ipite ngumi moja tu. Abiria akibadilika, unarekebisha upya.